Bayeke na Lugha Waliyoisahau

Sisi wa Tenke twazoea kusikia lugha nyingi. Tangu njia ya reli ya kwenda Dilolo ilipomalizika mwaka 1931, mji wetu ni njia panda, na watu wametujia toka pande zote. Lakini je, mwajua ya kuwa katika jimbo letu la Lualaba iko lugha ya wafalme iliyo karibu kunyamaza? Ndiyo Kiyeke.

Kiyeke kilitoka mbali. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Wasumbwa, jirani za Wanyamwezi, walitoka nchi iitwayo leo Tanzania, wakaja huku kutafuta shaba na pembe za tembo. Mmoja wao, Ngelengwa mwana wa Kalasa, ndiye Msiri. Kwa bunduki na kwa akili alijipatia ufalme mkubwa, akakaa Bunkeya. Watu wake wakaitwa Bayeke, jina la wawindaji wa tembo. Alitawala hata tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs.

Basi, mtu angedhani kwamba wenye nguvu wangewafundisha raia lugha yao. Haikuwa hivyo. Bayeke walikuja wachache, tena wengi wao wanaume. Wakaoa binti za Basanga na za makabila mengine waliyoyakuta. Mtoto hujifunza kusema magotini pa mama yake. Kwa hiyo wana wa Bayeke wakasema Kisanga. Kiyeke kikabaki katika majina ya sifa na sherehe za Mwami.

Tazameni ajabu hii: walioshindwa kwa bunduki, lugha yao ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ilikaa nyumbani.

Sasa imefika zamu ya Kisanga. Zamani kabla ya Wazungu, Basanga waliyeyusha mawe ya kijani wakapata shaba, na kazi ile yote waliisema kwa Kisanga. Mwaka 1937 Mbenediktini Dom Hadelin Roland alitoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Kazi njema, lakini kitabu hakimbembelezi mtoto alalapo. Tangu mwaka 2009, machimbo ya Tenke na Fungurume yalipoanza kutoa shaba, wageni wameongezeka, na Kiswahili kimetoka kazini na sokoni kikaingia hata jikoni.

Simo katika kukilaumu Kiswahili. Ndicho ninachoandika hapa, nacho chatuunganisha. Katiba ya mwaka 2006 yakiita lugha ya taifa, na lugha nyingine za nchi yaziita urithi ambao Serikali itaulinda. Lakini Serikali haikai mekoni petu jioni. Sisi ndio tukaao. Apataye nguo ya pili hatupi ya kwanza.

Basi, leo jioni mketisheni mtoto karibu na nkambo wake. Nkambo aseme Kisanga, na mtoto ajibu kwa Kisanga.