Posti yangu ya damu na ramani ya 2008

Mwaka jana niliposti tangazo la damu. Baba ya beste yangu alikuwa amelazwa, anahitaji damu ya kundi O hasi, na familia ilikuwa imehangaika kila mahali. Nikaweka picha yake, nambari ya simu ya mama, na maneno makubwa mekundu: DAMU INAHITAJIKA HARAKA. Ikasambaa kama moto wa nyika. Kufikia jioni watu walikuwa wameishea mara elfu kadhaa, na mimi, siwadanganyi, nilikuwa nahesabu.

Nilisahau vitu viwili tu. Tarehe, na jina la hospitali.

Simu ya mama haikunyamaza. Wengi walikuwa wanauliza ni hospitali gani, mji gani, bado inahitajika ama? Mzee alifariki siku ya nne. Posti yangu haikufariki. Niliifuta, lakini skrinishoti zilikuwa zimeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko mkono wangu haufiki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wale waliotutangulia, walitumiaje mtandao kusaidia watu kabla TikTok haijazaliwa. Wengi wenu 2007 hamkuwa mmeanza shule. Mimi nilikuwa nasari. Nakumbuka tu kwamba tulilala chini, mbali na dirisha, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Kura ilipigwa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo ya urais yakatangazwa, Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwenye redio na runinga. Nchi inawaka, na hujui ni wapi panawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu iliyoitwa Kenyan Pundit, alikuwa Nairobi wakati huo. Watu wakaanza kumtumia habari: hapa kumechomwa, pale kumefungwa barabara. Zikamzidi. Tarehe 3 Januari 2008, akiwa amesharudi Johannesburg, aliandika kwenye blogu akiuliza kama kuna mjuzi wa kompyuta anayeweza kuweka matukio hayo kwenye ramani. Wakajitokeza kina Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich. Ndani ya siku chache tu tovuti ilikuwa hewani, ikaitwa Ushahidi. Hakuna ofisi, hakuna wafadhili, wengine wako ng'ambo.

Kilichonigusa ni jinsi ilivyofanya kazi. Ulituma ripoti kwa tovuti ama kwa SMS, kwa kabambe yako ile ya tochi. Lakini ripoti bila mahali haina pa kukaa kwenye ramani. Na wenyewe walijitahidi kuilinganisha na vyanzo vingine kuona kama ni ya kweli. Waliweka pia juhudi za amani, si fujo peke yake. Watu kama 45,000 hivi waliitumia nchini.

Simu hizo hizo zilikuwa zinabeba sumu pia. SMS za chuki za kikabila zilizunguka kila mahali, na serikali ikafikiria kuzima SMS kabisa. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, aliwashawishi waache, na badala yake kampuni ikawatumia wateja wake milioni 9 ujumbe wa amani. Fikiria wangezima. Ile ramani ingesomwa na nani?

Miaka miwili baadaye, Januari 2010, tetemeko likapiga Haiti. Kazi iliyoanzia kwenye shida yetu ikapelekwa huko: walionaswa walituma SMS kwa nambari 4636, Wahaiti walio nje wakazitafsiri kutoka Krioli, wanafunzi huko Boston wakaziweka kwenye ramani. Sijui kwa nini hatukufundishwa haya shuleni. Tulifundishwa Vasco da Gama mara tatu.

Lakini ninayempenda zaidi ni chifu. Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja, Nakuru. Mwanzoni mwa 2012 dunia nzima ilimjua kwa sababu alikuwa anatwiti kazi yake. Siku moja saa kumi alfajiri akapigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatwiti. Baada ya dakika chache majirani walikuwa nje ya nyumba ile, na wezi wakatoroka. Kondoo akipotea, chifu anatwiti, kondoo anapatikana.

Na sikia hii: kwenye Twitter yenyewe alikuwa na wafuasi kama 300. Mia tatu! Mimi nikipata wafuasi 300 kwa wiki nalalamika. Ila wanakijiji walipokea twiti zake kama SMS kwa simu za kawaida, wakapelekeana, na kila aliyezisoma aliijua nyumba ya mwalimu iko wapi. Angeweza kutembea hadi hapo. Posti yangu ilifika hadi Qatar, na wa Qatar angefanya nini saa hiyo?

Najua mtaniambia kuhusu Juni 2024. Tulikuwepo wote. Lakini hata pale, kilichonisaidia mimi hakikuwa hashitegi. Ni yule msichana aliyekaa mbele ya simu yake akasoma mswada kifungu kwa kifungu, akatueleza kwa Kiswahili cha kawaida mkate na pedi zinaingia wapi.

Siku hizi mtu akiniletea tangazo, namuuliza tarehe, hospitali, na nani ataniambia ikishapatikana nifunge. Kama hana, siposti. Kuna waliokasirika, wakasema nimeringa tangu nijulikane. Sawa.

Wiki iliyopita mama ya beste yangu alinipigia. Kuna kijana wa Kitale ameona skrinishoti, ana O hasi, anauliza apande gari usiku huo ama asubuhi. Mama alimshukuru, akamwambia aende hospitali iliyo karibu naye achangie huko. Hakumwambia mzee alishazikwa. Aliniambia hakutaka kumvunja moyo.