Watano kwa Watano: Mabishano ya Elimu katika Bengal, 1835

Msomaji, katika shule zetu za sekondari za Kenya masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Jambo hili umelizoea mno, na huenda hujapata kuuliza lilianzaje. Lakini zamani, kabla shule za namna hii hazijafika kwetu, swali la lugha ya kufundishia lilikwisha kubishaniwa kwa ukali katika nchi nyingine iliyotawaliwa na Waingereza, nayo ni Bara Hindi. Yafaa uyajue mabishano hayo, kwani yatakufunza namna ya kuzipima hukumu za wakubwa.

Siku hizo Bara Hindi ilitawaliwa na Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya wafanya biashara iliyopewa hati na Bunge la Uingereza. Hati hiyo ilipofanywa upya katika mwaka wa 1813, Bunge liliamuru kwamba kila mwaka itengwe fedha isiyopungua rupia laki moja kwa ajili ya elimu. Laki ni 100,000. Neno hilo, na rupia yenyewe, vilivuka bahari vikafika kwetu, na rupia ilikuwa fedha ya Kenya mpaka mwaka wa 1920. Sheria ilisema kuwa fedha hiyo itumiwe kufufua na kukuza fasihi, kuwatia moyo wanavyuoni wenyeji, na kueneza elimu ya sayansi. Haikutaja fasihi ya lugha gani, wala sayansi ifundishwe kwa lugha gani. Hapo ndipo ugomvi ulipopata mlango.

Katika mwaka wa 1823 serikali iliunda mjini Calcutta halmashauri ya kusimamia elimu ya umma. Kwa miaka kumi ya kwanza fedha nyingi ilitumika katika elimu ya jadi. Wanafunzi wa Kiarabu na wa Kisanskriti walilipwa posho, na vitabu vya lugha hizo vilipigwa chapa. Palikuwapo Madrasa ya Calcutta, iliyoanzishwa na Warren Hastings katika mwaka wa 1781, na chuo cha Kisanskriti cha Benares cha mwaka wa 1791. Chuo kingine cha Kisanskriti kikafunguliwa Calcutta katika mwaka wa 1824.

Usidhani, msomaji, kwamba wenyeji wote waliifurahia njia hiyo. Raja Rammohun Roy, mtu wa Bengal aliyekijua vizuri Kisanskriti, Kiarabu na Kiajemi, alimwandikia Gavana Mkuu mwishoni mwa mwaka wa 1823 kukipinga chuo kipya cha Kisanskriti. Aliomba vijana wafundishwe hisabati, kemia na elimu ya viungo vya mwili. Hata kabla yake, katika mwaka wa 1817, Wahindu wenye mali wa Calcutta walikuwa wamekwisha kufungua Hindu College, ambako Kiingereza kilifundishwa. Basi atakayekuambia kwamba Kiingereza kilitakwa na wageni peke yao atakuwa amekuficha nusu ya habari.

Kufika mwaka wa 1834 halmashauri ilikuwa imegawanyika pande mbili. Wajumbe walikuwa kumi: watano walitaka elimu ya jadi iendelee, na watano walitaka Kiingereza. Kila shauri lilipoletwa kura zilikuwa sawa, na kazi ikakwama. Upande wa jadi uliongozwa na H. T. Prinsep, ofisa mkubwa wa serikali. Upande wa Kiingereza ulikuwa na kijana mwenye ari, Charles Trevelyan.

Mwaka huo huo alifika kutoka Uingereza Thomas Babington Macaulay, mwanasheria na mwandishi, akafanywa mwenyekiti wa halmashauri. Kabla mwaka haujaisha, Trevelyan alimwoa Hannah, dada yake Macaulay. Tarehe 2 Februari, 1835, Macaulay aliandika waraka wake mashuhuri. Alikiri kwamba hakujua Kisanskriti wala Kiarabu, lakini akavidharau vitabu vya lugha hizo kwa maneno makali. Alitoa na hoja nyingine zilizohitaji kujibiwa: kwamba vitabu vilivyochapwa na halmashauri havikununuliwa, na kwamba wanafunzi wa Kiarabu na Kisanskriti ilibidi walipwe ili wasome, hali wale wa Kiingereza walikuwa tayari kulipa ada. Alitaka lipatikane tabaka la watu wa kati, Wahindi kwa damu na Waingereza kwa fikira, ambao wangewafikishia wenzao elimu. Mwisho alisema kwamba shauri lake likikataliwa, yeye atajiuzulu.

Prinsep alimjibu kwa hasira. Alishikilia kwamba Bunge liliposema kufufua fasihi lilikuwa na maana ya fasihi ya nchi yenyewe, kwani huwezi kufufua kitu ambacho hakijapata kuishi mahali hapo. Tena alionya kwamba kuvivunja vyuo kungewafanya watu waione serikali kuwa adui wa mila zao. Hofu yake haikuwa bure. Maelfu ya Waislamu wa Calcutta walitia sahihi ombi la kuiokoa Madrasa yao.

Gavana Mkuu, Lord William Bentinck, aliukubali waraka wa Macaulay. Azimio lake la tarehe 7 Machi, 1835 liliagiza kwamba fedha ya elimu itumike kwa elimu ya Kiingereza. Vyuo vya jadi havikufungwa, lakini posho mpya zilikomeshwa, na vitabu vya Kiarabu na Kisanskriti havikuchapwa tena kwa fedha hiyo. Katika mwaka wa 1839 Gavana Mkuu mwingine, Lord Auckland, alivirudishia vyuo hivyo sehemu ya fedha ili kutuliza ugomvi. Kiingereza hakikuondoka.

Ukitazama haraka utasema kwamba upande mmoja ulishinda na mwingine ukashindwa. Tazama tena. Kati ya wajumbe kumi hapakuwa na Mhindi hata mmoja. Tena Macaulay aliandika kwamba pande zote mbili zilipatana juu ya jambo moja: kwamba lugha zilizosemwa na watu kila siku zilikuwa fukara mno, haziwezi kubeba elimu ya juu. Hivyo mkulima wa Bengal, aliyesema Kibengali, hakuwa na wakili. Wakati huo huo William Adam alikuwa ametumwa na serikali kuchunguza shule za vijijini za Bengal na Bihar. Alizikuta nyingi, akashauri katika mwaka wa 1838 kwamba serikali ijenge elimu ya umma juu ya shule hizo na lugha zake. Halmashauri iliona kuwa mpango wake hautekelezeki. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wakati uliwahukumu wote. James Prinsep, nduguye H. T. Prinsep na mjumbe wa halmashauri hiyo hiyo, alifaulu katika mwaka wa 1837 kuyasoma maandishi ya kale ya Mfalme Ashoka, yaliyochongwa katika majabali na nguzo. Elimu iliyodharauliwa katika waraka ilikuwa imefungua karne nyingi za historia iliyosahauliwa. Na kile Kibengali kilichodhaniwa fukara na pande zote mbili kilimlea Rabindranath Tagore, aliyezaliwa Calcutta katika mwaka wa 1861 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi katika mwaka wa 1913.

Basi, kijana, utakaposoma habari za halmashauri yoyote, usitosheke kujua nani alishinda. Uliza ni nani hakuitwa kuketi pale, na ni jambo gani wabishi wote walilikubali bila kulichunguza. Kosa ambalo upande mmoja hulifanya, upande wa pili hulifichua. Kosa la pande zote mbili halina wa kulifichua, nalo hudumu miaka mingi. Katika Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule zote baada ya mfumo wa mwaka wa 1985 kuanza, na Katiba ya mwaka wa 2010 ikakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nawe umeyafuata mabishano haya ya sheria, fedha na elimu mpaka mwisho kwa Kiswahili. Pima mwenyewe kama lugha ya nyumbani ni fukara.