Mawe Yaliyogeuka: Historia ya Ardhi ya Kasulu na Kibondo

 Mwenye karatasi hii mkononi na afuate maneno pole pole kwa kidole, hakuna haraka. Leo tunasoma historia, lakini si ile ya watawala wa Uha wala ya misafara ya Ujiji. Ni historia ya mawe, na ya watu walioshindana kwa maneno na kwa majaribio mpaka ikajulikana kwamba jiwe laweza kugeuka likawa jiwe jingine pasipo kuyeyuka.

Wengi wenu mmefyatua matofali. Mwajua kwamba tofali bichi likinyeshewa usiku mmoja hurudi kuwa tope. Lakini tofali lile lile likichomwa barabara katika tanuri, halirudi tena kuwa tope. Halikuyeyuka, ni udongo ule ule, ila chembe zake zimeshikana upya kwa moto. Tena mmeona matofali yaliyokaa karibu mno na kinywa cha tanuri: hayo huzidiwa na moto, yakalainika, yakavimba na kung'aa kama kioo.

Basi shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo somo lenyewe. Jiwe lililoyeyuka kisha likaganda ni jiwe la moto, kama lava. Jiwe lililofanyika kwa mchanga au tope lililotuama majini ni jiwe la mashapo. Na jiwe lililopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi bila kuyeyuka, hilo ndilo jiwe geuzi.

Mambo haya hayakukubaliwa upesi. Mwaka 1785 Bwana James Hutton wa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, aliwaambia wataalamu wenzake kwamba joto la ndani ya ardhi ndilo lililoyafanya mapande ya mchanga na tope kuwa miamba migumu. Wapinzani wake walikuwa na hoja nzito, na mtu yeyote wa Pwani angeweza kuwasaidia kuitoa. Tangu zamani, huko Kilwa na Unguja, watu huchoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Jiwe la chokaa likichomwa, hewa iliyomo ndani yake hutoka, nalo hubaki jeupe na jepesi, la kuvunjika kwa mkono. Sasa, kama moto wa chini ndio ulioligeuza jiwe la chokaa kuwa marumaru ngumu, mbona halikuwa unga?

Hutton alijibu kwamba huko chini uzito wa ardhi huizuia ile hewa isitoke. Jibu zuri, lakini lilikuwa la mdomo tu. Alifariki mwaka 1797 bila kulithibitisha.

Rafiki yake, Sir James Hall, ndiye aliyeingia kazini. Alichukua mitutu ya bunduki, akaijaza unga wa chaki, ambayo ni jiwe laini la chokaa, akaiziba kabisa na kuitia katika tanuri. Mingi ilipasuka, wala si ajabu. Kufunga hewa ndani ya chuma chekundu si mchezo. Akarudia majaribio hayo mamia kwa muda wa miaka kadhaa. Mwaka 1805 aliwaonyesha wenzake alichokipata: unga ule ulikuwa umeshikamana ukawa jiwe gumu lenye chembe za kumeta, mfano wa marumaru. Mimi nawapenda watu wa namna hii, ambao mabishano yakirefuka huwasha moto wakajaribu.

Jina la kitaalamu, metamofiki, ambalo kwa Kiyunani lahusu kubadili umbo, lilienezwa na Charles Lyell katika kitabu chake cha mwaka 1833.

Je, huko chini pana joto gani? Mahali pengi, kila ukishuka kilometa 1 joto huongezeka kadiri ya digrii 25 hadi 30 za sentigredi. Tope huanza kugeuka kwenye digrii 200 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: ni lazima lizikwe kilometa 7 au zaidi. Likizikwa huku nchi mbili zikisukumana, chembe zake bapa za ulanga hulala upande mmoja, kama majani makavu yaliyokanyagwa. Kwa hiyo hilo jiwe hupasuka kwa kurasa. Kwanza huwa sleti, jeusi na laini. Likizidi kupikwa huwa filiti, lenye mng'aro kama hariri. Kisha shisti, ambalo ulanga wake waonekana kwa macho. Mwisho huwa naisi, lenye mistari ya weupe na weusi. Mchanga safi hauna ulanga wa kulala, nao huwa kwatzaiti, na chokaa huwa marumaru. Mwaka 1893 George Barrow, katika milima ya Uskoti, alionyesha kwamba aina za madini zilizomo ndani ya mawe hayo hueleza joto lilifika wapi.

Sasa turudi nyumbani, kwani ninyi mna bahati. Katika nchi ya Kasulu, na Manyovu ambayo sasa imo Wilaya ya Buhigwe, miamba mingi ni ya mashapo ambayo hayakupikwa sana: mawe ya mchanga na ya tope, mengine mekundu. Pamoja nayo pako lava ya kale, yapata miaka milioni 800. Lakini shika barabara ya Kibondo, upite Kakonko kwenda Ngara, nawe utaingia katika miamba mikongwe zaidi, iitwayo ya Karagwe na Ankole. Hapo ndipo penye filiti, shisti na kwatzaiti. Lililokuwa tope limekwisha kupikwa.

Tena pale Kabanga, Ngara, yapata miaka milioni 1,400 iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipanda ikapenya katika lile tope la kale. Tope lilikuwa na salfa. Salfa ikaingia katika ule moto ikashikana na nikeli. Ndiyo maana nikeli ipo hapo, wala haikuenea kila kilima. Mtu asiyejua tope lile lilikuwa na nini angechimba bure.

Kwa fundi mwashi nina neno moja. Jiwe la kurasa ulilaze katika ukuta kama lilivyolala ardhini. Ukilisimamisha, maji yataingia kati ya kurasa na uso wake utabanduka.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja alete mawe mawili darasani. Lipasue kila moja kwa nyundo, ukiyakinga macho yako yasirukiwe na vipande. Jiwe la mchanga huvunjika kati ya chembe na chembe, likawa la kukwaruza; kwatzaiti hukatika katikati ya chembe zenyewe, likawa na makali. Kisha tia tone la maji juu ya kila moja. Likinywewa upesi, andika "mchanga". Likikaa juu, andika "kwatzaiti", na chini yake andika jina la kilima ulikoliokota.