Gari Lililofanyiwa Mabadiliko: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Ukaguzi wa Moshi na Kelele

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Usafiri katika Bonde la Kilombero umeongezeka tangu kuzinduliwa mwaka 2018 kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, linalounganisha Ifakara na Wilaya za Ulanga na Malinyi. Pamoja na ongezeko hilo, wamiliki wengi wa magari wameyafanyia mabadiliko ili yahimili tope la masika, yabebe mpunga na miwa, au yapunguze matumizi ya mafuta. Springi huinuliwa, bodi hubadilishwa, injini huwekwa nyingine, na wakati mwingine masega ya bomba la moshi au sailensa huondolewa kabisa.

Baadhi ya mabadiliko hayo yanaruhusiwa iwapo yatafuata utaratibu. Mengine humfanya mmiliki azuiwe kulitumia gari lake, na abiria wapoteze usafiri wanaoutegemea kufika hospitali, sokoni au shuleni. Makala haya yanaeleza yanayopaswa kufahamika kabla ya kufika kwa mkaguzi.

Sheria na mamlaka zinazohusika

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka kila chombo kinachotembea barabarani kiwe katika hali nzuri. Ukaguzi wa magari hufanywa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Usajili na kumbukumbu za kadi ya gari husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni za magari ya biashara ya usafirishaji hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Kwa upande wa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 na Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) linasimamia utekelezaji wake. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua ubora wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Ikumbukwe kuwa gari lililopita katika ukaguzi huo lilipita likiwa na vifaa vyake vyote. Kuondoa kifaa baadaye kunalitoa katika hali iliyokubaliwa.

Aidha, kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari katika bajeti ya 2017/2018 hakukuondoa wajibu wa mmiliki kuhusu ubora wa gari lake.

Mabadiliko ya kuripotiwa

Kadi ya gari inapaswa kufanana na gari lenyewe. Mmiliki aliyebadilisha injini, rangi au aina ya bodi anatakiwa kuwasilisha taarifa TRA ili kumbukumbu zirekebishwe. Kwa injini iliyonunuliwa, ni muhimu kutunza stakabadhi na nyaraka zinazothibitisha ilikotoka. Namba ya injini isiyolingana na kadi huweza kusimamisha ukaguzi kabla moshi haujaangaliwa.

Moshi unavyokaguliwa

Mkaguzi huanza kwa macho. Moshi mweusi huashiria mafuta kuzidi hewa, mara nyingi kwa sababu ya kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi la kiangazi au nozeli mbovu. Moshi wa bluu huonesha kuwa oili inaungua ndani ya injini. Moshi mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata joto huweza kumaanisha maji yanaingia kwenye silinda.

Kipimo kinapotumika, gari la petroli hupimwa kiasi cha kaboni monoksaidi na mabaki ya mafuta yasiyoungua. Gari la dizeli hupimwa uzito wa moshi wakati injini inapokanyagwa mafuta bila kubeba mzigo.

Masega yaliyoondolewa ni chanzo kikubwa cha kushindwa kwa magari ya petroli, kwa kuwa ndiyo yanayogeuza gesi zenye sumu kuwa zenye madhara madogo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Bomba lililotoboka chini ya gari huweza kuipitisha hadi walipoketi abiria. Kuhusu dizeli, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wake katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kelele zinavyokaguliwa

Njia ya kimataifa ya kupima gari lililosimama, ISO 5130, huweka kipaza sauti cha kipimo nusu mita kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya nyuzi 45. Ongezeko la desibeli 10 husikika kama kelele iliyoongezeka takriban maradufu. Hivyo, bomba lililonyooshwa bila sailensa hutambulika hata bila kipimo, na wanaoishi kando ya barabara ndio wanaolisikia usiku kucha.

Maandalizi

Safari ya kutoka Mlimba au Malinyi kwenda kukaguliwa ni ndefu, na gari linalokataliwa humgharimu mmiliki siku nzima ya kazi. Kabla ya safari, mmiliki anashauriwa:

- kurudisha masega na sailensa zinazolingana na aina ya gari;
- kuziba matundu yote ya bomba la moshi, kuanzia kwenye injini;
- kubadilisha oili, kichujio cha hewa na plagi zilizochoka, na kwa dizeli kupima nozeli;
- kuhakikisha taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki;
- kuondoa ving'ora na vimulimuli visivyoruhusiwa;
- kubeba kadi ya gari, bima na stakabadhi za vifaa vilivyobadilishwa.

Gari lisipimwe likiwa baridi, kwa sababu masega hufanya kazi yakipata joto kali. Mwendo wa dakika 15 hadi 20 kabla ya kipimo unatosha.

Endapo gari litakataliwa

Mkaguzi anaweza kuzuia gari lisitumike hadi litengenezwe. Mmiliki aombe aoneshwe kasoro kwa maandishi, ampelekee fundi orodha hiyo, kisha alirudishe gari likaguliwe upya. Kuazima sailensa kwa ajili ya siku ya ukaguzi na kuitoa baadaye kunamrudisha mmiliki katika kosa lile lile siku atakaposimamishwa barabarani.

Wananchi wanahimizwa kuwasiliana na kituo cha Polisi au ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kumwagiza fundi kubadilisha chochote kwenye gari.