Panzi: wodi ya wazazi iliyokutwa na vita

Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilianzishwa kwa ajili ya kina mama wajawazito. Siku hizi jambo hilo husahaulika. Jina la Panzi likitajwa, watu hukumbuka Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018, aliyopewa daktari wake Denis Mukwege, na habari za wanawake waliobakwa vitani. Lakini asiyejua kwamba pale palikusudiwa kuwa mahali pa kuzalia, hataelewa hospitali hiyo ilikuaje, wala kwa nini watu wa Kivu Kusini wamekubali kuilinda kwa jasho lao.

Chimbuko lake ni Lemera, kwenye milima inayotazama bonde la Ruzizi. Wamisionari Wapentekoste wa Sweden walikuwa na hospitali huko, na ndiko Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji, alikoanza kazi baada ya kumaliza udaktari Burundi mwaka 1983. Amesimulia mara nyingi kwamba utotoni alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba haachi dawa. Akaelezwa kwamba dawa ni kazi ya muganga, yaani daktari. Akasema basi yeye atakuwa muganga.

Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lemera ikambadilisha. Wanawake walifikishwa pale wakiwa wamebebwa kutoka vijiji vya mbali, wana uchungu wa siku kadhaa, wengine wakivuja damu, wengine mtoto ameshafia tumboni. Mukwege akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1989, wakati angeweza kubaki Ulaya kama wengi walivyobaki, akarudi Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita vya kwanza vya Kongo, wenye silaha waliivamia hospitali hiyo. Watu zaidi ya 30, wagonjwa na wahudumu, waliuawa, baadhi yao wakiwa vitandani. Mukwege hakuwepo siku hiyo. Hospitali aliyoitumikia miaka yote hiyo ikawa gofu, na wanawake wa Kivu wakabaki na safari ileile ndefu ya kumtafuta mkunga.

Ndipo likaja wazo la Panzi, mtaa ulio pembezoni mwa Bukavu upande wa kusini. Vita vya pili, vilivyolipuka Agosti 1998, vikavuruga matayarisho ya kwanza na vifaa vikaporwa. Mwaka 1999 kazi ikaanza upya chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste ya Afrika ya Kati, kwa msaada wa Waswidi. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu: chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi, ili mama aliyekwama wakati wa kujifungua asifie njiani.

Mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji, Septemba 1999, hakuwa mjamzito. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri. Mukwege amesema alidhani ni unyama wa mtu mmoja aliyerukwa na akili. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamefika wanawake 45 wenye kisa kilekile.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya hospitali hii. Fistula ni tundu linalotoboka kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa kawaida huletwa na uchungu wa muda mrefu: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za mama hadi zikafa. Ubakaji wa kikatili huleta jeraha la namna hiyohiyo. Mkojo humtoka mwanamke mchana na usiku bila kizuizi, mume humwacha, na nyumbani hutengewa pa kulala. Madaktari waliojiandaa kuwaokoa wazazi, kumbe walikuwa na ujuzi uleule uliohitajika kwa majeruhi hawa. Hospitali ilikua hadi kufikia vitanda 450 hivi, na tangu mwaka 1999 wanawake waliotibiwa majeraha ya aina hii ni makumi ya maelfu. Manusura wa ubakaji hawalipi. Na wodi ya wazazi haikufungwa kwa sababu hiyo: watu wa mtaani wanakwenda Panzi kujifungua na kutibiwa watoto wao, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya eneo lao.

Kila kilichoongezwa pale kilitokana na shida ya mgonjwa. Mwanamke amepona, sasa aende wapi, na kijiji kimechomwa au mume hamtaki? Ikapatikana Maison Dorcas, nyumba ya kukaa baada ya wodi, wanakojifunza kusoma, kushona, kusuka vikapu na kutengeneza sabuni. Akiondoka hapo, ataishi kwa kipato gani? Vikaundwa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo huko Kivu huitwa MUSO. Mwaka 2011 ikafunguliwa, katika mtaa huohuo wa Panzi, Cité de la Joie, mji wa furaha, ambako manusura hukaa miezi sita wakijifunza kusimama tena na kuongoza wenzao.

Tena, daktari hushona jeraha huku aliyelitia jeraha hilo yuko huru mtaani. Panzi ikaweka wanasheria. Matunda yake yalionekana Kavumu, kijiji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, watoto wa kike wapatao 40, wengine wadogo mno, walichukuliwa usiku kutoka majumbani na kubakwa. Walitibiwa Panzi, na ushahidi wa madaktari ukaandikwa na kutunzwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyoketi Kavumu kwenyewe, mbele ya wanakijiji, ilimhukumu mbunge mmoja wa jimbo na wanamgambo wake kifungo cha maisha. Kwa maoni yangu, cheti kile cha daktari kilichotunzwa vizuri kilikuwa tiba kama sindano na uzi.

Wenyeji nao waliilipa hospitali yao fadhila. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvizia Mukwege nyumbani kwake. Yeye alinusurika, mlinzi wake akauawa. Akaondoka na familia yake kwenda Ulaya. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, wakaandika barua kwa Rais wa Kongo na kwa Umoja wa Mataifa wakiomba Mukwege arudi. Majibu hayakuja. Wakaanza kuuza nanasi na vitunguu, wakachanga fedha za tiketi ya ndege. Hao ni watu ambao wengi wao hawapati dola moja kwa siku! Januari 2013 akarudi, na barabara kutoka Kavumu hadi mjini ikajaa watu waliokuja kumpokea. Wanawake hao wakaahidi kumlinda kwa zamu, mchana na usiku, mikono mitupu.

Habari ya Nobel, Oktoba 2018, ilimkuta chumba cha upasuaji.

Vita havijaiacha Panzi. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mwanzoni mwa mwaka huohuo misaada ya Marekani iliyokuwa ikileta dawa mashariki ya Kongo ilisitishwa. Kati ya dawa zilizopungua ni zile za kinga ya virusi vya UKIMWI, ambazo lazima zianze kumezwa ndani ya saa 72 tangu mtu abakwe. Kwa ajili ya saa hizo 72 hospitali hii ilikuwa imepeleka vituo vyake hadi Mulamba na Bulenga, karibu na vijiji, kwa maana mwenye kutembea siku nne hadi Bukavu huwa amechelewa.

Basi, ndugu msomaji uliye Kivu au mwenye jamaa huko: akikujia mtu aliyebakwa, usimwambie asubiri aibu ipite au ukoo ukae kikao. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kabla saa 72 hazijaisha.