Ngitili na Tabianchi: Historia ya Maneno Mawili

Istilahi ni chombo cha fikra. Ikikosewa, fikra nayo hupotoka. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa maneno mawili, moja la Kisukuma na la pili la Kiswahili, yanayowahusu wakulima na wafugaji wa vijiji vya Bariadi, kama vile vya kata ya Ngulyati.

Neno la kwanza ni ngitili. Tangu zamani Msukuma alifunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, mifugo isiingie, akaifungua kiangazi kilipokolea na nyasi zimekwisha kwingineko. Neno hilo, basi, lina mtendaji na lina majira. Wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vilifyekwa Usukumani ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Na katika miaka ya 1970, watu walipohamia katika vijiji vipya, ngitili nyingi ziliachwa. Kuni ziliadimika, hata akina mama wakapikia samadi kavu na miti ya pamba. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, mijini lilizungumzwa suala la petroli. Lakini kwa mama wa Usukumani upungufu wa nishati ulikuwa upungufu wa kuni. Kujitegemea kulikohimizwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 kulikuwa hakujafika mekoni.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mradi huo uliifufua desturi ya wenyeji pamoja na jina lake, na ulipomalizika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hektari 300,000. Yafaa tuzingatie sababu. Kwa mfugaji anayepakana na Pori la Akiba la Maswa, hifadhi ni mahali pa serikali. Ngitili ni pake mwenyewe.

Neno la pili ni tabianchi. Kwa muda mrefu tumeandika "mabadiliko ya hali ya hewa", ilhali hali ya hewa ni ya leo na kesho, na tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka ipatayo 30. Mkulima aliyeambiwa kwamba hali ya hewa imebadilika, kisha akajaliwa mvua njema, ana haki ya kuuliza: mabadiliko hayo yako wapi? Shaka yake si ujinga. Imetokana na istilahi butu tuliyompa.

Aidha, lipo swali zito zaidi. Ikiwa nchi za viwanda ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa, mwenye ng'ombe wanane anadaiwa nini? Swali hilo halijibiwi kwa kumtwika lawama. Ngitili haifungwi ili kulipa deni la wengine. Hufungwa ili ndama wapate malisho mwezi wa Septemba, na jiko lipate kuni.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba waandishi na walimu watenganishe daima tabianchi na hali ya hewa, na kwamba ngitili iingizwe katika istilahi za mazingira bila kufasiriwa. Wajibu wenye jina la nyumbani hauhitaji mkalimani.