Kabla ya Nane Nane: Morogoro na Msimu wa Kukutana

Wiki ya kwanza ya Agosti, Morogoro hupokea wageni wa Kanda ya Mashariki: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, na wenyeji wenyewe wanaoteremka kutoka wilaya za mkoa. Uwanja wanaokutania umepewa jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, upande wa Tungi, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Jina hilo refu hubaki kwenye barua za serikali. Mjini watu husema Nane Nane tu, na neno hilo limeshageuka jina la eneo zima: ukimwambia konda unashuka Nane Nane, anajua pa kugonga bodi, hata kama ni mwezi wa Februari.

Sikukuu yenyewe ni tarehe 8, Siku ya Wakulima, ila shughuli huanza tarehe 1. Maandalizi huanza mapema zaidi. Miezi kabla ya mgeni rasmi kukata utepe, maafisa ugani wa halmashauri wanakuwa wameshaotesha vipando vyao na kuvimwagilia, maana mahindi yanayotakiwa kubeba Agosti hayawezi kungoja mvua za vuli. Kipande kidogo cha ardhi kinapandwa mpunga, kingine alizeti, kingine mchicha na nyanya, na kando yake kuna bwawa la samaki na banda la mbuzi. Kila halmashauri inataka kombe, na wivu wa jirani una nguvu yake pale.

Wengi wetu tumezoea kudhani desturi hii ililetwa na serikali katika miaka ya 1990. Tarehe ndiyo iliyoletwa. Msimu ulikuwepo, na watu wa milima ya Uluguru na mbuga zinazoizunguka walikuwa wakiutumia kukutana muda mrefu kabla hajazaliwa waziri wa kilimo. Makala haya yanafuata njia hiyo ndefu, kwa sababu katikati yake kuna tukio moja la mwaka 1955 ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini maonesho yana thamani.

Kwanza, msimu. Masika ya Morogoro hukoma Mei. Juni na Julai mahindi na mpunga huvunwa, baridi ya kipupwe hushuka kutoka mlimani, njia zinakauka, ghala lina kitu na mkono una nafasi. Ndiyo miezi ya ngoma. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama, shughuli kubwa ya baada ya mavuno ilikuwa kumtoa mwali: binti aliyekuwa amewekwa ndani akifundwa hutolewa hadharani, ukoo wa mama na wa baba wakakutana, pombe ikapikwa kwa nafaka mpya. Kulikuwa pia na matambiko ya ukoo kwenye makaburi ya wazee. Hayo yote yalihitaji chakula cha kulisha wageni, na chakula kilipatikana msimu huu.

Kulikuwa na mikusanyiko mikubwa kuliko ya ukoo. Upande wa mashariki wa milima, sehemu za Kolero, kuna pango lililojulikana mbali sana kwa ajili ya mzimu wa Kolelo. Mvua zilipochelewa, wajumbe walikuja kuomba, wakiwa na sadaka zao, na hawakuwa Waluguru peke yao. Wazaramo wa mbugani huko karibu na pwani nao walipanda. Jambo hilo si la kushangaza ukitazama mito. Milima hii yenye vilele vinavyopita mita 2,600 ndiyo chimbuko la maji ya Ruvu, na mteremko wa mashariki hupata mvua karibu mwaka mzima wakati mbuga zimekauka. Anayekaa chini anajua maji yanatoka kwa nani. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Wajerumani walilitilia shaka sana jina la Kolelo, wakiona ndani ya safari hizo za kuomba mvua njia ya kupitisha habari za uasi. Tangu hapo mtawala hakuwa tena na imani na mkusanyiko wa wakulima asiousimamia yeye.

Miaka miwili baada ya vita kuanza, 1907, reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro. Mji ukaongezeka, mashamba ya mkonge yakatanda mbugani, na Wajerumani nao wakaleta namna yao ya maonesho. Waliandaa makubwa kuliko yote Dar es Salaam kwa Agosti 1914, kusherehekea reli iliyokuwa imefika Kigoma. Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwezi huohuo na maonesho hayakufanyika. Kwa majirani zetu wa Kenya, walowezi walianzisha chama chao cha kilimo mwaka 1901 na kufanya onesho la kwanza Nairobi mwaka uliofuata. Hayo yalikuwa maonesho ya mzungu mwenye shamba kwa mzungu mwenzake, na Mwafrika alikuwa mshika ng'ombe. Ilichukua miongo mingi kabla ya yeye kuingia kama mkulima.

Uluguru walipewa kitu kingine badala ya maonesho.

Karibu na mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yao ilikuwa ya kweli: miteremko ilikuwa imelimwa hadi juu, udongo ulikuwa unateremka mitoni, na mito hiyo ndiyo iliyonywesha mji na mashamba ya mkonge. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, yale mapana yanayochimbwa kuvuka mteremko, pamoja na marufuku ya kuchoma majani shambani. Kila mlipa kodi alipangiwa kiasi chake cha kuchimba. Asiyechimba alipelekwa barazani na kutozwa faini, na machifu na wasaidizi wao ndio waliotumwa kusimamia.

Wakulima walichimba, kisha wakavuna kidogo kuliko zamani. Udongo wa Uluguru wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba tuta pana unaufukia huo na kuuinua ule wa chini usio na nguvu, na mahindi yanakuwa ya njano. Mtu aliyelima mteremko huo tangu utoto aliliona hilo msimu wa kwanza. Watu wa Mgeta, upande wa magharibi, walikuwa na ngazi zao ndogo za asili, wanazozitengeneza kwa kufukia majani wakati wa kulima, na hizo hazikupindua udongo. Hakuna aliyewauliza. Juu ya hayo kulikuwa na suala la umiliki: ardhi ni ya ukoo, mtu hulima kwa ruhusa ya ukoo wa mama, na yeyote anayeweka juu yake kitu cha kudumu anaonekana anaidai. Ikaenea hofu kwamba mwenye kuamrisha matuta leo atakuja kuichukua ardhi kesho.

Julai 1955, msimu uleule wa mavuno na mikutano, hasira ikafika kikomo upande wa Matombo. Umati ulikusanyika, polisi wakaitwa, risasi zikafyatuliwa na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wa kulazimisha matuta ulikufa. Vyama na watawala walijifunza kila mmoja kwa namna yake. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata milimani wanachama ambao hakuna hotuba ya mjini ingewapata.

Hapa historia ya Uluguru inaungana na kalenda ya taifa. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na miongoni mwa waasisi 17 waliokuwepo alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi, ambaye baadaye alishika uongozi wa Waluguru. Tarehe hiyo ndiyo Saba Saba. Nchi ilipopata uhuru, siku ya kuzaliwa kwa chama ikawa pia siku ya wakulima, kwa kuwa chama kilijiita cha wakulima na wafanyakazi. Kwa miaka mingi mkulima wa Morogoro alisherehekewa Julai, kwa magwaride, ngoma na hotuba. Zilikuwa pia zama za amri za aina nyingine: Siasa ni Kilimo mwaka 1972 kule Iringa, kisha Kilimo cha Kufa na Kupona katikati ya ukame wa miaka ya 1974 na 1975. Mkulima aliitwa jeshi, na jeshi huamrishwa.

Wakati huohuo milima ilitoa ushahidi wake. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta na miteremko ikaporomoka katika mamia ya sehemu. Watafiti waliopita baadaye waliona kwamba maporomoko karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Penye msitu ardhi ilishika. Kwa hiyo bwana shamba wa mwaka 1950 hakuwa mwongo aliposema udongo unakwenda. Ugonjwa aliujua. Alikosea dawa, akakosea zaidi kwa kuitia mtu mdomoni kwa nguvu, na kizazi kizima kikawa hakitaki hata kusikia neno tuta likitoka kwa ofisa.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Saba Saba ilibaki na jina lake lakini ikawa siku ya maonesho ya biashara, na katika miaka hiyo ya 1990 wakulima wakahamishiwa tarehe 8 Agosti. Nchi iligawanywa kwa kanda, kila kanda na uwanja wake: Themi kwa Arusha, Nzuguni kwa Dodoma, Ngongo kwa Lindi, John Mwakangale kwa Mbeya, na wetu huu wa Morogoro. Chama cha maonesho ya kilimo, TASO, ndicho kilichoendesha viwanja kwa muda mrefu. Kilele cha kitaifa kimewahi kuhama: mwaka 2023 kilikuwa Mbeya, 2024 Dodoma. Lakini kwa mtu wa Kinole au Mvomero, cha kitaifa hakina uzito kama kile anachokifikia kwa nauli ya siku moja.

Morogoro ina bahati ambayo kanda nyingine hazina. Kwenye miguu ya milima kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanza kwa jina hilo tarehe 1 Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humuhumu. Kilosa kuna kituo cha utafiti cha Ilonga. Ifakara na Dakawa kuna watafiti wa mpunga. Mbegu ya SARO 5, ile inayoandikwa TXD 306 kwenye karatasi za wataalamu, ilitoka katika mkoa huu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa wakulima wa mabonde ya Kilombero na Wami huitaja kwa jina kama wanavyomtaja ndugu. Mkulima haamini mbegu kwa kusomewa. Anataka kuona shuke, alipapase, ahesabu machipukizi, amuulize aliyelima gharama ya mbolea. Kipando cha maonesho kinampa nafasi hiyo, na hakuna anayemtoza faini akigeuka na kwenda zake.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua uko Mgeta. Katika miaka ya 1980 chuo hicho, kwa msaada wa Norway, kilipeleka huko mbuzi wa maziwa. Mgeta ni baridi, mbuzi hao wakaipenda. Majani ya kuwalisha yalipandwa kwenye kingo za mashamba, samadi ikarudi kwenye kabichi na njegere zinazopelekwa Dar es Salaam, na kingo zilizopandwa majani zikashika udongo. Kile ambacho mwaka 1955 kilishindikana kwa polisi, hapo kilipatikana kwa sababu jirani aliona jirani yake anakamua.

Maonesho ya sasa yana kasoro, na ni vizuri zisemwe. Kila mwaka nafasi ya mabanda ya taasisi, benki na wauza vyombo vya nyumbani huonekana kubwa kuliko ya shamba. Vijana wa mjini huja jioni kwa muziki na chipsi, jambo ambalo silioni baya. Morogoro ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, na mkusanyiko bila muziki haujawahi kukamilika hapa. Ninachokiona kibaya ni kwamba mkulima wa mteremkoni, anayelima mdalasini, karafuu na pilipili manga Matombo au Tegetero, mara nyingi huwakilishwa na ofisa wa halmashauri anayesimama nyuma ya meza yenye chupa za sampuli. Nauli, kulala mjini na siku za kazi zinazopotea ni mzigo kwa mkulima huyo, ingawa yeye ndiye mwenye kujua shamba.

Pendekezo langu kwa wanaosimamia uwanja wa Mwalimu Nyerere ni dogo na la gharama nafuu. Litengwe eneo lenye mteremko, hata likibidi kujengwa kwa kifusi, wakulima wa Mgeta watengeneze ngazi zao za asili kwa mikono yao, na kando yake lichimbwe tuta pana la mwaka 1950, vyote vipandwe mahindi yaleyale siku ileile. Halafu liwekwe benchi kwa ajili ya wazee wa Matombo. Aliyekuwa na miaka 10 siku ya risasi sasa amevuka 80, na wako wanaokumbuka baba zao walivyorudi na majembe kutoka kwenye matuta ya serikali. Nauli yao ilipwe na halmashauri Agosti hii.